Brosi Nyepesi kwa Vitre za Juu

Butembo, le 12/2/2023

Jean-de-Dieu, mudogo wangu,

Ulibakia namna gani na ile homa ya Noeli? Sisi hapa tuko bazima. Mama iko kule Alimbongo, amevuna viazi, na mugongo yake imemuachilia kidogo. Alitutumia gunia moja na maharagi mabichi. Tulipika, tukasema kama Jean-de-Dieu angelikuwa hapa, sufuria haingelifika asubui. Batoto bangu bako kwa masomo. Kwa duka ni ndoo, fagio, sabuni na brosi, sawa vile ulituacha. Juzi mizigo ilitoka Kampala, nikajaza ukuta yote.

Sasa neno lenyewe. Nakupigiaka simu, inalia mpaka inajikata. Natuma message, kimya. Nikamuuliza Edmond, ule dreva anayenibebeaka mizigo mpaka Beni. Akaniambia alikukuta kwa rond-point ya Beni, pale barabara zinakutana, uko muzima, mais hukumusemesha vizuri. Ulikamata kipande ya kartoni ukaandika: «Yaya anitumie brosi muzuri ya vitre.» Nikashangaa. Mutu mwenye mudomo anaandikia mwenzake juu ya kartoni? Nikasema labda kelele ya pikipiki ilikuwa mingi.

Donc natuma brosi mbili, zile za nyuzi ngumu. Bamama banazipendaka kwa nguo ya shamba. Uchafu haiwezi kubishana nazo.

Na pia muchumba wako Nadège. Papa yake anauliza tutakuja lini kujitambulisha. Papa yetu hayuko tena, ni mimi, dada yako mukubwa, nitasimama pa nafasi yake, mais siwezi kuchagua siku pasipo wewe. Umupigie Nadège. Kila jioni anapitaka hapa kwa duka, anajifanya amekuja kununua sabuni. Ni nyumba gani inamalizaka sabuni kila jioni?

Naandika kwa karatasi juu njia ingine nimeikosa.

Yaya yako,
Florentine


Beni, Mulekera, le 3/3/2023

Yaya Florentine,

Barua yako imefika, wasingya, asante. Nimefurahi kwa mugongo ya mama. Hapa mvua imeanza, matope ni fasi yote, mais muhogo ya nyuma ya nyumba inasimama vizuri. Homa iliisha. Usihangaike nayo tena.

Simu yangu, écran yake, kile kioo, ilikufa. Inalia mais sione nani anapiga. Donc hapana kunihesabia kosa.

Kazi iko. Kuna nyumba mupya ya maofisi, ya étages tatu, ghorofa juu ya ghorofa, ukuta ya mbele ni vitre tupu, kioo kutoka chini mpaka juu. Patron alituweka pale kuisafisha, mimi na Zorobabel. Zorobabel ni mutu wa Mangina, muprotestanti, mutulivu. Banasema anaimbaka muzuri.

Yaya, usikasirike. Zile brosi ulituma ni nzuri kwa nguo, mais kwa vitre hapana. Vitre inaonekana ngumu, kumbe inakwaruzika sawa ngozi ya mutoto. Vumbi ya Beni ni muchanga mudogo-mudogo. Ukiisugua na nyuzi ngumu unachora, na ile mistari haitoke tena. Ule mwaka nilifanya kazi Kampala balitufundisha hivi: kwa brosi ya vitre, ncha ya kila unyuzi imepasuka-pasuka, njo inakuwa laini sawa manyoya na inashika maji. Ile ngumu inabakia kwa aluminium na kwa kona tu. Na ile ilipita kwa aluminium haigusake vitre.

Mimi natafuta ya namna hii: laini, pana sawa mukono kutoka vidole mpaka kiwiko, na iko na tundu ya kuingizia fimbo ndefu. Na iwe nyepesi. Yaya, nyepesi, tafazali. Fimbo ni ndefu kupita nyumba ya kawaida. Brosi ikiwa nzito kule juu, inakuvunja mabega na huwezi tena kuiongoza.

Nadège mumusalimie sana. Papa yake avumilie kidogo. Siku ya kuja nitaiandika.

Mudogo wako,
Jean-de-Dieu


Butembo, le 24/3/2023

Jean-de-Dieu,

Salamu iko, hata kama leo ni nusu. Mama anauliza unakulaka nini. Mutoto wangu mudogo alikuwa na kikohozi, imeisha.

Nianze na brosi, juu siwezi kukuacha pasipo chombo hata nikiwa na kasirani. Nilizunguka soko nikapata hii ya kusafishia gari. Nyuzi ni ndefu, laini kwa jicho. Mukono yake ni ya mbao, inalemea. Nyepesi sikuiona. Na sielewe kitu. Ngazi iko, Zorobabel iko wa kuishika, fimbo ndefu ni ya nini? Wewe njo ulikuwa unapandaka muti ya avoka ya mama mbele hata ya kubadilisha meno.

Sasa neno ya pili. Edmond alirudi akaniambia: «Mama Florentine, ule mudogo yako hasikie tena mutu.»

Nikamuuliza: «Hasikie namna gani?»

Akasema: «Unamuambia neno, anakutazama tu, kisha anaenda zake. Hata Zorobabel aliniambia vile: hasikie.»

Na akaongeza kama simu uko nayo mukononi, unasoma mambo ya mupira. Écran yenye kufa inaonyeshaka mupira?

Nilifikiri sana. Wewe hukukuwaka mutoto wa kudharau bakubwa. Hata ule wakati papa alikuwa mukali, ulikuwa unasikia neno moja, unatembea. Nikasema labda ni vita, labda ni rafiki mubaya, labda ni pombe. Nilibadilisha sababu kila siku, hakuna iliyokutosha.

Kisha ikakuja ile mubaya zaidi. Nadège alikupigia hapa kwa duka, na simu yangu, mbele yangu. Ukakamata. Tulitazamana, tulifurahi. Akakusalimia, ukasema: «Ndiyo, ndiyo.» Akakuuliza kwa sauti ya chini: «Jean-de-Dieu, uko na mwanamuke mwingine kule Beni?» Simu ilikuwa kwa haut-parleur, sauti inatoka inje, nilikusikia vizuri. Ulijibu: «Ndiyo. Niko muzuri tu. Unisalimie bote.» Ukakata.

Aliweka simu juu ya meza polepole, sawa mutu anaweka yai. Akafunga kitambaa yake, akatoka. Kununua sabuni, hakuja tena.

Niambie nimuambie nini, juu mimi mwenyewe sijue niko naongea na nani.

Florentine


Beni, le 21/4/2023

Yaya,

Nimekawia. Muji ilikuwa ville morte, kila kitu kimefungwa, kisha Edmond akapita pasipo kusimama. Pasaka nilikula kwao Zorobabel, bibi yake alipika sombe ya majani ya muhogo na samaki, nilishiba. Kikohozi ya mutoto, nafurahi iliisha.

Barua yako niliisoma mara nyingi. Pale pa Nadège nilisoma nikasimama, nikatembea mpaka kwa barabara, nikarudia kusoma. Mimi nilisema ile maneno? Kama umesikia, basi nilisema. Sijue nikuelezee namna gani. Réseau ilikuwa mubaya. Nilifikiri ananiuliza kama nilipona. Umuambie hakuna mwingine. Hakuna, hakukuwaka, na sitafute.

Edmond, hapana kumukasirikia. Alisema vile aliona. Mais mimi sikatae mutu, Yaya. Sikatae hata mumoja.

Brosi ya gari ni ya chini tu. Nikiifunga kwa fimbo, inalala sawa muti yenye kukatwa. Donc napanda ngazi nayo. Kuna vitre moja ya étage ya kwanza niliisugua nayo mbele ya kulowanisha vizuri. Muchanga ilikuwa imejificha ndani ya nyuzi, na vitre ikatoka na mistari. Patron alikuja, akapitisha ukucha juu ya ile mistari, akasema maneno mingi. Niliona amekasirika. Zorobabel alinitetea, nafikiri.

Siku ingine nilikuwa juu, mvua ilikuwa imelainisha udongo. Muguu moja ya ngazi ikaanza kuzama. Banasema Zorobabel alipiga kelele niteremuke, mimi nikaendelea kusugua. Ngazi ikateleza, nikashika aluminium ya dirisha, ndoo ikaanguka karibu na mama mwenye kuuzisha mikate. Hakuumia. Zorobabel alisimamisha ngazi tena, nikafika chini. Alinishika shati na mikono mbili, akaniambia kitu, akalia.

Natafuta tu ile nyepesi. Kama iko Butembo, uitafute. Kama haiko, uniambie, nijue.

Kwa siku ya kujitambulisha, bado kwanza.

Jean-de-Dieu


Butembo, le 9/5/2023

Jean-de-Dieu, mutoto wa mama yangu,

Leo siandike mambo ya viazi. Mama ni muzima, tuiache pale.

Siku ya tano ya juma iliyopita nilikuwa Beni. Hukujua. Nilipanda gari na Edmond, nikasema naenda kumukuta ule mutu asiyesikia, nimusimamie mbele, aniambie usoni amekataa nini. Njia yote nilikuwa napanga maneno, na zilikuwa kali.

Tulifika kwa ile nyumba ya vitre. Nilikuona juu ya ngazi, umetupatia mugongo, na ile brosi yangu ya gari mukononi. Nikaita: «Jean-de-Dieu.» Hukugeuka. Nikaita tena na ile sauti mama anaitiaka batu ng'ambo ya bonde. Batu ya pikipiki baligeuka. Sentinelle, ule wa kulinda mulango, akageuka. Mama wa mikate akageuka. Wewe ulichovya brosi ndani ya ndoo, ukaendelea kusugua.

Nikasema ndani yangu: amenikataa hata mimi.

Zorobabel alikuwa chini, ameshika ngazi. Sikumusalimia hata. Nikamuambia: «Banasemaka hasikie. Sasa nimeona.»

Alifikiri najua tayari. Akanijibu kwa upole: «Kweli, mama. Tangu ile homa ya Mangina, hasikie hata radi. Akiwa karibu namuvuta suruali. Akiwa juu, naomba Mungu tu.»

Nilirudi nyuma hatua moja, nikakutazama tena. Neno moja ya Kiswahili, nalisema tangu utoto, na miezi hii yote sikuielewa. Nilifikiri umefunga roho, kumbe ni masikio. Kartoni, simu, zile «ndiyo, ndiyo», yote ilinirudilia mara moja, na kila kitu kilikuwa na sura ingine.

Utaniuliza kwa nini sikungoja uteremuke. Edmond alikuwa anapiga klaksoni, balikuwa banasema barabara itafungwa mapema. Mais ile ni nusu ya sababu. Niliogopa nikikugusa utashituka, uanguke. Na ungeliteremuka ningelianza na neno gani, na ungelinisikia namna gani? Nilimuomba Zorobabel asikuambie. Nikapanda gari nikalia njiani mpaka Maboya. Edmond akafikiri tumegombana tena. Ile brosi nzito ni mimi niliituma. Ulikuwa kule juu kwa sababu yangu.

Kesho yake nilifunga duka. Niliingia kwa kila magasin ya bale banaletaka vitu ya mbali. Nilikuwa naomba maji, nalowanisha kila brosi, naipitisha kwa mukono upande wa ndani, pale ngozi iko laini, macho nimefunga. Bauzishaji balinicheka. Zingine zilikuwa laini kwa jicho, kwa ngozi zikanichoma. Moja ilikuwa ya manyoya ya nguruwe, tamu kabisa, mais ikisha kunywa maji inalemea sawa mutoto amelala. Karibu nikate tamaa nikapata moja ya plastiki, pana vile uliandika, ncha zote zimepasuka-pasuka, na mugongo yake ya aluminium iko tupu ndani. Nikaunganisha fimbo mbili za fagio, nikaisimamisha kwa vitre ya ule muzee wa magasin. Ilienda juu, ikateremuka, mabega haikulia. Muzee akakaribia kuitazama vitre yake.

Nimeinunua. Inangoja fimbo ndefu yenyewe, muzee anasema itatoka Kampala. Mbele ya kufika, nakuomba, usipande ngazi.

Sasa niambie yote. Na Nadège, nimuambie ao niache? Wewe njo utasema.

Florentine yako


Beni, le 2/6/2023

Yaya yangu,

Umeketi? Mimi barua yako niliisoma nikiwa nimekaa chini, mugongo kwa ukuta. Zorobabel alikuja, akaona uso yangu, akaenda kando. Kisha nilimuuliza, akakubali ulikuja. Nilikasirika kwanza. Kisha nikaona ni sawa mutu ameniondolea muzigo kwa kichwa pasipo kuniomba ruhusa.

Ni hivi. Mwezi wa kumi na mbili nilimufuata Zorobabel Mangina, tuvune kakao ya kwao. Homa ikanikamata kule. Balinilaza na sérum kwa mushipa na kinini, ile dawa chungu ya malaria, sijue ni siku ngapi. Kuamuka, nasikia mvua kubwa juu ya mabati. Nikamuuliza infirmier, ule muuguzi: «Hii mvua haiishe?» Mudomo yake ikatembea, sauti haikutoka. Nikatazama kwa mulango. Jua ilikuwa inawaka.

Ile mvua haikuishaka tangu siku ile, na nyuma yake hakuna kitu. Munganga aliniandikia: inaweza kurudi, inaweza kukawia, hakuna mwenye kujua. Donc nikangoja. Kila asubui nagonga sahani na kijiko, natega. Nilisema juma ijayo itafunguka, na hakutakuwa neno ya kuambia mutu. Ile juma inapita, nasema ingine. Ukisha kuficha kitu mwanzo, mulango wa kuitolea hauione tena.

Nilianza kusoma midomo ya batu. Zorobabel namuelewa kidogo. Edmond anasema akitafuna, simupate hata neno, njo nilimuandikia kartoni.

Simu ya Nadège, nilijua ni wewe ao yeye, namba yako iliandikwa. Écran haikufaka, nilikudanganya. Niliikamata juu nilikuwa na kiu ya sauti yake. Nilijidanganya kama sauti ingine yote imefungwa, labda yake itapita. Niliiweka kwa sikio, ikatetemeka kidogo. Nikasema zile maneno batu banasemaka kwa simu. Nilikata nikiwa na furaha, Yaya. Nilifikiri nimefanya vizuri.

Usimuambie. Nakuomba. Papa yake atauliza binti wake ataita nani mwizi akivunja mulango, na mutoto akilia nani ataamuka. Nitamuambia mimi mwenyewe, sijue lini. Kichwa yangu iko sawa soko mvua ikianguka, kila wazo linakimbia na muzigo yake, hakuna linalopita.

Kwa patron, tulienda na Zorobabel. Alitaka kunifukuza siku ile ile, na nilielewa. Kisha akakamata bic akaandika: «Kupanda, hapana tena. Ukiweza kusafisha juu ukiwa chini, unabakia. Ukishindwa, mwisho wa mwezi natafuta mwingine.» Sasa umeona kwa nini nililia na ile nyepesi tangu mwanzo. Nilikuwa natafuta miguu yangu ibaki kwa udongo mbele mutu hajajua.

Fimbo ikifika, usiilaze hata siku moja.

Mudogo wako,
Jean-de-Dieu


Butembo, le 18/6/2023

Mudogo wangu,

Barua yako imenifikia leo tu, gari ya Edmond ilikuwa imeharibika kule Kabasha na yeye akabaki nayo mufukoni. Unaniomba nisimuambie Nadège. Nimekwisha kumuambia. Nilingoja jibu yako, haikuja, nikashindwa kumupita kwa njia nikinyamaza. Uweke ile juu yangu.

Hakulia. Aliniomba nirudilie vile ulijibu kwa simu, neno kwa neno. Nikarudilia. Akaanza kucheka, kisha uso ikabadilika, akakaa juu ya ndoo yenye kufunikwa. Akasema: «Donc hata haikumufikia kama nilimuuliza.» Alikaa pale mpaka nikafunga duka. Papa yake anasema mambo mingi, mais angali anasema. Angelinyamaza njo ningeliogopa.

Mama pia anajua. Anajitayarisha kushuka kuja kwangu.

Fimbo imefika. Nilitaka kuitia, pamoja na brosi, mikononi mwa Edmond, mutu akaninyang'anya. Barua hii pia iko naye.

Florentine


Beni, le 16/7/2023

Yaya Florentine,

Nimesikia kwa barua ya mama kama amefika kwako salama na amekwisha kugombana na jiko yako. Umuvumilie. Hapa kiangazi imeanza, vumbi imerudi, ni kusema kazi iko. Masikio iko vile vile. Ile mvua imepunguka, ao nimeizoea, sijue kutofautisha. Sahani sigonge tena kila asubui. Siku zingine nasahau.

Brosi ni yenyewe. Kwanza namwangia vitre maji, naacha vumbi iteremuke peke yake. Kisha brosi inapita kutoka juu, polepole, pasipo kukandamiza. Kule juu kwa étage ya tatu naihisi ndani ya fimbo: pale pako safi inateleza, pale pako uchafu inashika kidogo, na mikono inajua. Siku ya kwanza niliyumba, maji ikanilowesha kichwa, mama wa mikate akacheka mpaka akafunika mikate yake. Siku ya tatu patron alisimama ng'ambo ya barabara akatazama mpaka mwisho, akaenda. Zorobabel akaja kusimama mbele yangu, juu siku hizi anasimamaka kwanza njo anafungua mudomo, akaniambia: «Umebakia.»

Papa ya Nadège aliniandikia mwenyewe. Karatasi nzima ya maulizo, hata ile ya mwizi. Nilijibu yote, na pale sikuwa na jibu niliandika sina. Anasema tukuje mwezi wa nane, mimi, wewe na mama. Hakuandika kama anakubali. Aliandika tukuje. Najua si kitu kimoja, na bado nimenunua viatu.

Unaniuliza Nadège alinikuta namna gani, juu yeye anakataa kukuelezea. Ni hivi.

Nilikuwa kwa vitre kubwa ya mulango, ile ya chini. Nilikuwa nimeipaka sabuni yote, nyeupe, huone ndani. Yeye alifika, akamuuliza sentinelle, sentinelle akamuingiza kwa réception, kule ndani, angoje. Mimi sikujua kitu. Nikasimamisha raclette juu, ile ya mupira wa kuvuta maji, nikaivuta mpaka chini, na ndani ya ule mustari safi kulikuwa uso ya Nadège. Alikuwa karibu sana, brosi na fimbo amezishika mukononi sawa mulinzi.

Mukono yangu ikabaki pale pale. Sabuni ikateremuka. Mudomo yake ikaanza kutembea. Sasa, ile vitre ni nene; mutu wa ndani, hata apige kelele, inje hasikiwe. Zorobabel akakaribia, akalaza sikio yake yenye uzima juu ya vitre, akatega, akakunja uso. Akatega tena. Kisha akakuja kusimama mbele yangu, akaniuliza: «Anasema nini?»

Alikuwa anasema polepole, anaonyesha na kidole, na mimi nilikuwa nimemupata tangu neno la kwanza.

Nikamujibu Zorobabel: «Anasema kona ile ya juu, ya kushoto, nimeiruka.»

Tukatazama bote wawili. Ilikuwa kweli.

Mudogo wako,
Jean-de-Dieu